Kipupwe kimeondoka, lichungulie bwawa lako

Ilikuwa wiki ya pili ya Septemba, saa kumi na mbili kasoro robo asubuhi, ukungu wa Njombe ukiwa bado umelalia miparachichi ya jirani. Nilikuwa nakwenda kuwafungulia kuku nyuma ya nyumba nikasikia sauti bwawani, kama watoto wengi wanaofyonza uji vikombeni. Niliposogea niliwakuta sato wangu karibu wote wako juu, midomo wazi, wakihema. Watatu walikwisha kugeuka matumbo juu. Hadi saa nne nilikuwa nimeokota 41, baadhi yao wakubwa wa kutosha mlo wa watu wawili.

Kilichoniumiza zaidi ni kwamba walikuwa wamevuka baridi salama. Juni, Julai na Agosti, miezi ambayo huku tunalala na mablanketi mawili, hakufa hata mmoja. Walikuja kufa joto liliporudi, na niliyewaua ni mimi. Miezi mitatu nilikuwa nimewaona wamezubaa chini, hawagusi chakula. Siku walipoanza kuchezacheza juu ya maji nikawahurumia. Nikawamwagia pumba za mahindi na mashudu ya alizeti, ndoo asubuhi, ndoo jioni, siku nne mfululizo. Nilidhani nawafidia njaa yao.

Asubuhi ile mzee wa nyumba ya pili alipita kunipa pole. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kunitazama, macho yake yako kwenye maji. Akakunja suruali, akaingia hadi magotini, akachota tope la chini kwa kiganja na kuniletea puani. "Nusa, mwanangu." Lilikuwa jeusi kama oili chafu ya gari na lilinuka yai viza. Hakuongeza neno. Siku ile ndipo nilipoelewa kwamba miaka yote nilikuwa nawatazama samaki, na bwawa lenyewe sikuwahi kulitazama.

Nchi za Ulaya na Japani, anayefuga samaki nyuma ya nyumba huona kwa macho majira yanavyogeuka: barafu inayeyuka, miti inachipua, naye anajua kazi ya bwawa imewadia. Sisi wa nyanda za juu kusini hatuna barafu ya kutuamsha. Kipupwe kinaondoka taratibu, siku moja unavua sweta, basi. Lakini ndani ya maji mabadiliko ni makubwa, na majuma ya mwisho wa Agosti hadi Oktoba ndiyo yanayoamua kama mwaka huu utakula samaki au utawazika.

Sato ni samaki wa joto. Hustawi maji yakiwa kati ya nyuzi 26 na 30 za Selsiasi. Yakishuka chini ya 20 hula kwa kusitasita na huacha kuzaa. Yakikaribia 16 huacha kula kabisa. Yakishuka hadi 11 au 10, huanza kufa. Katika mji ulio karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, bwawa dogo lenye kina kifupi huingia katika eneo la hatari kila mwaka. Kwa hiyo samaki asiyekula mwezi wa Julai haumwi. Amepunguza matumizi. Chakula unachomtupia wakati huo hakimfikii tumboni. Kinazama na kulala chini pamoja na kinyesi, majani yaliyoanguka na mwani uliokufa.

Huko chini ndiko kwenye habari yote. Bakteria wanaoozesha uchafu nao hupunguzwa kasi na baridi, hivyo kwa miezi mitatu mzigo unarundikana bila kuguswa. Joto likirudi wanaamka, na kwa kila nyuzi 10 zinazoongezeka kazi yao huenda ikaongezeka takriban maradufu. Wanapofanya kazi wanahitaji oksijeni, ileile anayoitegemea samaki. Wakati huohuo maji yenyewe, kwa kupata joto, yanapoteza uwezo wa kubeba oksijeni. Usawa wa bahari, lita moja ya maji yenye nyuzi 15 hubeba miligramu kama 10 za oksijeni. Yakifika nyuzi 30 hubeba 7.5 tu. Kwa sisi wa milimani, ambako hewa ni nyepesi, toa hapo kama moja ya tano. Kwa hiyo samaki anaamka na njaa, tope linaamka na njaa, na chumba wanachogombania kimepungua hewa.

Juu ya hayo kuna usiku. Ukijani wa bwawa ni mimea midogo isiyoonekana kwa jicho, na mchana, jua likiwaka, mimea hiyo hutengeneza oksijeni kwa wingi. Jua likizama hugeuka kuwa walaji kama wengine. Bwawa huweka akiba mchana na kuitumia usiku kucha, na akiba huwa ndogo kuliko saa zote kabla tu ya mapambazuko. Ndiyo sababu samaki wangu walikuwa wakihema saa kumi na mbili kasoro, na ndiyo sababu mfugaji anayetembelea bwawa lake saa tano asubuhi, jua limeshawaka, hataona kosa lolote mpaka siku ya kuokota mizoga.

Siku hizi mwisho wa Agosti naanza na mkono. Nainama ukingoni, nanyoosha kiganja na kukizamisha taratibu huku nakiangalia. Kikipotea machoni maji yanapokaribia kiwiko, ukijani ni wa kutosha. Kikipotea maji yakiwa bado karibu na kifundo cha mkono, bwawa limepitiliza, na hapo mbolea ya aina yoyote inasimama. Nikiingiza mkono hadi kupita kiwiko na bado nahesabu vidole, maji ni maskini, samaki hawana chakula cha asili. Anayetaka kupima kwa uhakika zaidi akate sahani ya bati yenye upana wa sentimita 20, aigawe robo nne, apake nyeusi na nyeupe kwa kupishana, aifunge kamba yenye alama. Ikipotea kati ya sentimita 25 na 35 hivi, bwawa liko sawa. Sahani hiyo ina jina la padri Mtaliano, Angelo Secchi, mtaalamu wa elimu ya nyota aliyejaribu sahani ya namna hiyo mwaka 1865 akiwa melini katika Bahari ya Mediterania. Mpaka leo watafiti wa maziwa na bahari wanaitumia, na fundi bati wa sokoni anaweza kukukatia kwa dakika chache.

Baada ya mkono, pua. Chota tope la chini kama alivyofanya mzee yule. Tope la kahawia lenye harufu ya shamba lililonyeshewa halina neno. Tope jeusi linalonuka yai viza linakuambia kwamba huko chini oksijeni imekwisha. Ukiona na vipovu vinapanda vyenyewe sehemu moja bila samaki kuwapo, usingoje zaidi.

Kama umevuna samaki wako wakubwa mwezi wa Mei, kabla ya baridi, una bahati ya kulifanyia bwawa kazi ya haki: limwage lote. Liache wazi kwa jua mpaka sakafu yake ipasuke nyufa, kwa kawaida wiki moja hadi mbili. Jua hilo halina gharama, nalo huua vimelea, mayai ya vyura na vifaranga wa samaki wasiotakiwa waliojificha kwenye madimbwi. Kisha komba tope jeusi kwa koleo. Usilitupe, peleka kwenye mchicha au mahindi, utaona majani yake. Huo pia ndio wakati wa kuziba mashimo ya kaa na panya kwenye kingo, kushindilia udongo upya, na kukata miti inayolitia bwawa kivuli. Najua miparachichi sasa ni fedha hapa kwetu na hakuna anayetaka kuukata wake, lakini mti unaofunika bwawa huliibia joto mchana na kulijaza majani usiku. Mmoja wangu niliukata. Sijutii.

Halafu chokaa. Udongo wa sehemu kubwa ya nyanda zetu una uchachu, na maji yanayokaa juu yake hurithi uchachu huo. Kiasi kinachotumika ni kilo 10 hadi 25 za chokaa ya kilimo kwa kila mita 100 za mraba, zaidi kwenye udongo mchachu, pungufu kwenye udongo wa kawaida. Bwawa la mita 10 kwa 15 litahitaji kati ya kilo 15 na 37. Nyunyiza sakafuni na kwenye kuta za ndani. Tofautisha chokaa hii na ile iliyochomwa, inayochemka ikiguswa na maji: hiyo ni ya bwawa tupu lililokauka tu, na ukiimwaga penye samaki utawaunguza. Baada ya chokaa subiri wiki mbili ndipo uweke mbolea yenye fosforasi, kwa sababu viwili hivyo vikikutana mapema hushikana na mbolea inabaki bure chini.

Wengi wetu hata hivyo hatuna nafasi ya kumwaga bwawa, samaki wamo. Hapo kazi ni ya subira. Fungulia maji kutoka chini, siyo kutoka juu. Hili ni kosa ninaloliona karibu kila ninakokwenda: bomba la kutolea maji limewekwa juu ya ukingo, kwa hiyo maji safi yenye hewa ndiyo yanayokimbia na maji mabovu yanabaki. Bomba la plastiki lenye kona, linalolala sakafuni na kusimama upande wa nje, likiinamishwa hutoa maji ya chini. Asiye na bomba hilo atumie mpira wa maji, aufyonze kama fundi anavyofyonza petroli kwenye tangi, mdomo wake mmoja ukiwa topeni. Toa robo ya maji, jaza mapya, pumzika siku tatu au nne, rudia. Ukitoa nusu nzima kwa siku moja na kuingiza maji baridi ya mto, utawashtua samaki waliokwisha dhoofika.

Maji mapya nayo yana masharti yake. Ya kisima kirefu hutoka ardhini bila oksijeni ya kutosha. Yaache yaanguke kutoka juu, yagonge mawe au bati, yajipatie hewa kabla hayajaingia. Ya bomba la mjini yana dawa ya klorini, nayo huchoma matamvua ya samaki. Yaweke kwenye tangi lililo wazi juani siku moja au mbili. Ya mfereji yapitishe kwenye wavu wenye matundu madogo, la sivyo utaingiziwa samaki wa porini na viluwiluwi.

Sasa chakula, mahali nilipokosea. Nunua kipimajoto cha maji na ukitumbukize saa mbili asubuhi na saa tisa alasiri. Maji yakiwa chini ya nyuzi 18 saa tisa, usilishe. Yakifika 20, toa kidogo mara moja kwa siku, mchana, kiasi watakachomaliza kwa robo saa. Yakishika 24 siku kadhaa mfululizo ndipo urudi kwenye kawaida. Tufanye hesabu: sato 300 wenye gramu 150 kila mmoja ni kilo 45 za samaki. Kawaida yao ni kama asilimia 3 ya uzito wao, yaani kilo moja na gramu 350 kwa siku. Wiki ya kwanza anza na theluthi ya hiyo, gramu 450, vikombe vichache. Mimi nilikuwa namwaga ndoo mbili.

Chakula kinachobaki kina uovu mwingine zaidi ya kula oksijeni. Kikioza hutoa amonia, na amonia ina sura mbili ndani ya maji, moja isiyo na madhara makubwa na nyingine sumu. Kinachoamua zaidi ni pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji. Maji yenye pH 7 na nyuzi 25, sumu haifiki hata asilimia 1 ya amonia yote. Yakipanda hadi pH 9, sumu huzidi theluthi. Na bwawa lililokolea ukijani linaweza kupanda hivyo alasiri moja ya jua kali, kisha kushuka usiku. Chokaa uliyoweka mapema ndiyo inayozuia kupandashuka huko. Kwa hiyo ukiona samaki wamehema alfajiri na mchana wanaogelea ovyo kama walevi, acha kulisha mara moja na badilisha maji kutoka chini.

Waliochubuka wakati wa baridi huota kitu cheupe kama pamba kwenye vidonda. Ni kuvu. Watoe, uwatie kwenye beseni lenye gramu 10 za chumvi ya kawaida kwa kila lita ya maji, uwasimamie robo saa, uwarudishe. Akilala ubavu kabla ya muda kwisha, mtoe.

Kuna jambo ambalo mfugaji hawezi kulimaliza peke yake. Oktoba na Novemba ni wakati wa kuandaa mashamba ya viazi, na kila bonde lina mtu mwenye bomba la dawa mgongoni. Dawa nyingi za wadudu zinazouzwa madukani ni jamii ya pareto iliyotengenezwa kiwandani, na jamii hiyo ni sumu kali mno kwa samaki, kwa kiasi kidogo usichoweza kukiona wala kukinusa. Hata pareto halisi inayolimwa Mufindi na Mbeya, ambayo tunaisifu kwamba ni ya asili, haimhurumii samaki. Kuosha bomba moja mferejini kunaweza kumaliza bwawa lililo chini. Vilevile utupa. Wazee walivulia kwa majani yake, wakiyatwanga na kuyatia mtoni samaki wakalewa. Leo tunaupanda kurutubisha shamba na kufukuza fuko. Usiupande ukingoni. Nawaomba wakulima wa viazi, majirani zangu, tuoshee mabomba shambani, mbali na mfereji. Samaki hawa wanaliwa na watoto wetu sote.

Mvua ikianza, mwezi wa Novemba kwa kawaida, maji ya kwanza hushuka na majivu ya mashamba yaliyochomwa, matope na mabaki ya dawa. Chimba mfereji wa kukinga upande wa juu wa bwawa mapema, udongo ungali mkavu. Mvua kubwa ya usiku pia huwa baridi na nzito. Huzama na kuyasukuma juu maji ya chini yasiyo na hewa. Ndiyo sababu vifo vingi hutokea asubuhi baada ya mvua ya kwanza, watu wakadhani ni radi.

Majani ya kingoni nayo yafyekwe. Fisi maji, kenge na mnandi hupenda mahali pa kujificha, na mbu hupenda zaidi. Sato hula viluwiluwi vya mbu, lakini hawavifikii vilivyojikinga ndani ya nyasi. Magharibi mwa Kenya watafiti waliona kwamba mabwawa yaliyotelekezwa yalikuwa na mbu wa malaria wengi kuliko yaliyotunzwa yenye samaki. Bwawa lililoachwa linaumiza mtaa mzima.

Nayo yaliyoachwa ni mengi. Mwaka 2009 Serikali ya Kenya, katika mpango wa kuchochea uchumi, ilianza kuchimba mabwawa 200 katika kila jimbo kwa majimbo 140, yaani 28,000, kila moja lenye mita 300 za mraba. Ilikuwa hatua kubwa, na iliwafundisha wengi kula na kuuza samaki wa nyumbani. Lakini mengi yalikauka au kugeuka vichaka. Kwetu Tanzania nako historia ni ndefu. Majaribio ya perege yalianza Korogwe na Malya mwaka 1949. Kuchimba bwawa ni kazi ya siku chache, na mgeni rasmi anaweza kuja kukata utepe. Kuyatunza maji ni kazi ya kila alfajiri, haina mgeni rasmi, na haitengewi fedha. Naamini hapo ndipo tunapokosea, serikali zetu na sisi wenyewe. Kituo cha Ruhila pale Songea na cha Kingolwira mkoani Morogoro vinazalisha vifaranga. Ningependa anayenunua asiondoke bila kipimajoto na maelekezo ya wiki za Septemba. Na vifaranga hao usiwachukue Agosti. Subiri maji yashike nyuzi 24, kisha mfuko wao uuache uelee bwawani dakika 20, uongeze maji ya bwawa kidogokidogo, ndipo uwaachie watoke wenyewe.

Msomaji mwenye bwawa, hata la mita nne kwa tano lililotandikwa turubai, nina ombi moja. Kesho amka saa kumi na moja na nusu, chukua tochi, nenda ukasimame ukingoni kabla jua halijachomoza. Ukiona maji yametulia, rudi ukanywe chai yako. Ukiwakuta wanahema juu, usiwape chakula siku hiyo, fungua maji ya chini, ingiza mapya yakianguka kutoka juu, na umpigie simu afisa uvuvi wa wilaya yako asubuhi hiyohiyo.